Akiacha pombe, ataacha kunipiga?

SWALI: Shikamoo daktari. Nimeolewa miaka tisa, tuna watoto wawili, tunaishi Mbeya. Mume wangu ni fundi ujenzi, na akiwa mzima ni mtu mwema, hata majirani wanamsifu. Shida ni pombe. Zamani alikunywa mwisho wa wiki, siku hizi ni kila siku, na asubuhi hawezi kushika mwiko bila kuzimua. Akilewa ananipiga. Mwezi uliopita alinikaba shingo mpaka nikaona giza, ila asubuhi aliomba msamaha huku analia. Wazazi wa pande zote mbili wanasema si yeye, ni pombe, nivumilie. Mama mkwe ameniletea dawa ya unga nimtilie kwenye mboga ili aichukie pombe. Na mimi siku hizi nakunywa kidogo usiku ili nipate usingizi. Nataka kujua jambo moja tu: akiacha pombe, ataacha kunipiga? (Mama wa wawili, Mbeya)

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole sana. Swali lako nitalijibu, ila siwezi kuanza nalo. Kuna sentensi umeipitisha katikati ya barua kama vile ni jambo dogo: alinikaba shingo mpaka nikaona giza. Tuanze hapo.

Kuona giza maana yake ubongo ulikosa damu. Shingo haihitaji nguvu nyingi kufika hapo, wala dakika nyingi. Sekunde chache zinatosha. Tena mishipa ya ndani inaweza kuchanika bila alama yoyote kwenye ngozi, na kiharusi kikaja siku au wiki kadhaa baadaye. Kwa hiyo nenda hospitali, hata kama mwezi umepita. Ikiwa sauti yako imebadilika, kumeza kunauma, kichwa kinauma upande mmoja, uso au mkono unakufa ganzi, basi nenda leo hii. Ukifika sema wazi kwamba ulikabwa. Usiseme ulianguka.

Kuna sababu ya pili ya kunifanya nisimame hapo. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwalinganisha wanawake waliouawa na wenzi wao na wanawake waliopigwa wakabaki hai. Waligundua kwamba kwa mwanamke aliyewahi kukabwa shingo, uwezekano wa baadaye kuuawa na mwanamume huyo huyo ulikuwa zaidi ya mara saba. Sisemi mumeo amepanga kukuua. Inawezekana kabisa alilia kwa dhati asubuhi ile. Ninachosema ni kwamba mkono wake umeshafika mahali ambapo kuchelewa kuachia kwa muda mfupi tu ni kifo, na machozi ya asubuhi hayawezi kurudisha pumzi. Kwa hiyo yote nitakayoeleza kuhusu pombe, uyasome ukijua kwamba usalama wako hauwezi kungoja mpaka apone.

Sasa swali lako. Akiacha pombe, inawezekana vipigo vikapungua, na pengine vikapungua sana. Lakini kwamba vitakoma, hilo pombe peke yake haiwezi kukuahidi, na anayekuahidi kwa niaba yake anakukosea.

Wazazi wako hawajasema uongo mtupu. Katika tafiti za afya za kitaifa, hapa kwetu na kwa majirani zetu, wake wa wanaume wanaolewa mara kwa mara hutaja vipigo zaidi sana kuliko wake wa wanaume wasiokunywa. Na Mbeya yenyewe ina historia katika jambo hili. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwaka 2005 utafiti wake mkubwa wa nchi nyingi, Tanzania iliwakilishwa na Dar es Salaam na Mbeya. Kati ya wanawake waliowahi kuwa na mwenzi, asilimia 41 Dar es Salaam na asilimia 56 Mbeya walisema wamewahi kupigwa au kulazimishwa ngono na mwenzi. Hesabu hizo ni za miaka mingi iliyopita. Nazitaja ili usidhani ni mkosi wa nyumba yako peke yake.

Pombe inachangia kwa njia kadhaa. Kwanza inapunguza kazi ya sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayomwambia mtu "subiri, fikiria kesho." Mtu aliyelewa huona kilicho mbele ya pua yake tu. Umechelewa kufungua mlango, basi dunia nzima inakuwa ni huo mlango. Miaka tisa ya ndoa, watoto waliolala chumba cha pili, aibu ya kesho, vyote vimetoka machoni. Na sura ya kawaida tu, mtu kuchoka au kunyamaza, yeye anaisoma kama dharau. Ndiyo sababu wanawake wengi huniambia, "Hata nikinyamaza ananipiga kwa kunyamaza."

Njia ya pili ni mfukoni, na hii watu huisahau. Fundi hulipwa Jumamosi. Fedha inapita kilabuni kabla ya kufika nyumbani, ikifika imebaki chenji ya chumvi, na wewe unayeulizwa na mwenye nyumba na mwalimu wa mtoto lazima uulize. Swali lako la haki kabisa linagusa mahali anapojua amekosea, naye anajibu kwa mkono. Ukiangalia vizuri huenda ukakuta vipigo vyako vina kalenda, na kalenda hiyo inafuata siku ya malipo.

Ya tatu ni asubuhi. Mtu aliyefika hatua ya kuzimua, mwili wake umeshazoea kuishi na pombe. Ikikosekana anatetemeka, anatoka jasho, sauti ya kijiko inamkera kama nyundo. Kwa hiyo usishangae siku anayokupiga akiwa hajanywa kabisa. Mara nyingi hiyo nayo ni siku ya pombe, ila ni pombe iliyokosekana.

Hapo ndipo wazazi wanapokomea. Mimi siwezi kukomea hapo, kwa sababu wanaume wenyewe nimekaa nao.

Wakija kliniki na kuniambia "daktari, nikilewa sijui ninachofanya," huwauliza swali moja: ulipotoka kilabuni usiku ule, ulimpiga nani njiani? Ulimpiga mwenye kilabu uliyebishana naye deni? Ulimpiga fundi mkuu aliyekukata posho? Polisi wa doria? Mzee wa jirani uliyempa shikamoo kwenye kona? Huwa wananyamaza. Mtu amepita watu arobaini usiku bila kumgusa hata mmoja, amelijua geti la kwake kati ya mageti yote yanayofanana, akafunga mlango, na ndipo akili ikapotea. Nikiendelea kuuliza, mara nyingi nakuta hata ndani ya kile kipigo alichagua: mgongo na mapaja, mahali nguo inafunika. Pombe ilipunguza breki. Usukani aliushika mwenyewe.

Mwaka 1969 watafiti wawili wa Marekani, Craig MacAndrew na Robert Edgerton, walikusanya habari za ulevi kutoka jamii nyingi za dunia wakaona kitu kinachosumbua: kilevi ni kile kile, lakini tabia za walevi hazifanani. Mahali pengine watu hulewa wakalala, au wakaimba, na kupigana hakuna. Walichohitimisha ni kwamba mtu akilewa hufanya mambo ambayo jamii yake imezoea kuyasamehe kwa mlevi. Sisi tuna msemo wetu, "pombe si chai," na tunausema tukicheka. Mlevi akijikojolea tunasema pombe si chai. Akimvunja mkewe mkono, tunasema vile vile. Kidogo kidogo kinywaji kinageuka kibali. Nimewasikia wanaume wakikiri kwamba siku fulani walikunywa ili wakapige, sababu ilishakuwepo tangu mchana, na walitaka kitu cha kusingizia asubuhi.

Sheria haitoi kibali hicho. Kanuni ya Adhabu yetu, kifungu cha 14, inasema ulevi si utetezi, isipokuwa katika mazingira machache sana kama vile mtu kuleweshwa na mwingine bila kujua. Na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inatamka kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata mila ikisema vinginevyo. Hilo limeandikwa tangu mama yako ni binti.

Halafu wapo wanaume wasioonja tone, wa swala tano na wa kiti cha mbele kanisani, ambao wake zao huja kwetu na mbavu zimevunjika. Hao watasingizia nini? Na viroba, ile pombe kali ya vifuko, vilipopigwa marufuku nchini Machi 2017, wanawake kadhaa waliniambia sasa watapumzika. Baadhi walipumzika kweli, nisiwe mchoyo wa kusema hivyo. Wengine walirudi baada ya miezi michache: mume amehamia gongo, mkono ni ule ule.

Na wale walioacha kabisa? Nimewaona wa aina mbili. Kuna aliyeacha pombe na kofi likaisha, na mkewe akaniambia ameolewa upya. Na kuna aliyeacha pombe, akapata nguvu na kumbukumbu nzuri, akaanza kuhesabu fedha ya chumvi, kukagua simu, kuuliza dakika ngapi umetumia sokoni, na akipiga anapiga akiwa mzima. Huyo wa pili ugonjwa wake haukuwa ndani ya chupa. Aliamini kwamba mke ni wa kurekebishwa, na imani hiyo haina dawa ya kutapisha. Wiki za kwanza za kuacha ndizo za kuangalia sana: halali, ana hasira, mwili unadai. Ndugu wanashangilia, mke anaacha tahadhari zake zote kwa furaha, na hapo hapo pigo kubwa linakuja.

Kwa hiyo mambo ni mawili na yote mawili yanahitaji kutibiwa. Linawezekana, na mfano uko kwa majirani. Mjini Lusaka, Zambia, watafiti walichukua familia 248 ambazo mwanamke alikuwa akipigwa vibaya na mume akinywa kupita kiasi. Nusu hivi waliwekwa kwenye ushauri wa vikao sita hadi kumi na viwili vya kila wiki, wanaume kundi lao na wanawake lao, na walioongoza hawakuwa madaktari, walikuwa watu wa kawaida waliofunzwa. Walizungumza pombe, na pia hasira, mawazo yanayotangulia kipigo, usalama, na majeraha ya zamani ya moyo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja vipigo na ulevi vyote vilishuka zaidi kwa kundi hilo kuliko kwa wale wengine. Ona walichofanya: hawakumketisha mke na mume benchi moja waambiane yaliyo moyoni. Mwanamke anayepigwa akisema ukweli mbele ya mumewe, hulipia njiani kurudi nyumbani.

Sasa dawa ya mama mkwe. Usiitie. Najua ameileta kwa uchungu wa mwanawe na pengine kwa kukuhurumia wewe. Lakini huijui, na yeye haijui. Kama ni mizizi iliyosagwa, inaweza kuua figo au ini. Kama ni kidonge cha hospitali kilichopondwa, kile kinachomfanya mtu augue akinywa pombe, ndiyo hatari zaidi kumpa mtu bila yeye kujua: uso unawaka, anatapika, moyo unakwenda mbio, presha inashuka, na wengine hufa. Daktari humpa mgonjwa aliyekubali na aliyepimwa. Na siku akigundua kwamba ulikuwa ukimtilia kitu kwenye mboga, atakuwa na sababu ambayo hata ndugu zako watamwelewa. Mrudishie mama kwa adabu, au mwambie hospitali wamekataza. Utakuwa hujasema uongo, kwa sababu mimi nakataza.

Vile vile asiachishwe kwa kufungiwa chumbani, kama baadhi ya familia wanavyofanya. Mtu anayezimua kila asubuhi akikatiwa ghafla anaweza kupata degedege ndani ya siku moja au mbili, na siku ya pili au ya tatu akaanza kuona vitu visivyokuwepo, kuwa na homa na kuchanganyikiwa. Hali hiyo inaua. Anatakiwa aachie hospitalini, kwa dawa za kutuliza na vitamini B1. Hapo Mbeya mpelekwe Hospitali ya Rufaa ya Kanda, muulize kitengo cha afya ya akili. Neno "akili" lisimtishe, uraibu unatibiwa huko. Baada ya hapo zipo nyumba za upataji nafuu, ambako waraibu hukaa miezi kadhaa, wengi wakiongozwa na watu waliowahi kuwa waraibu wenyewe. Kabla ya kulipa, uliza kama wana mtaalamu wa afya na kama wanaruhusu familia kutembelea. Nyumba inayomfunga mtu minyororo, mtoeni.

Nani amwambie? Si wewe peke yako, na si akiwa amelewa, wala asubuhi kabla hajazimua. Tafuta fundi mwenzake aliyeacha, au kaka anayemheshimu, amwambie akiwa kazini. Wewe si nesi wake. Huenda hili ni gumu kulisikia kwa mwanamke aliyelelewa kama ulivyolelewa, lakini kuponya mkono wa mumeo hakumo katika kazi zako.

Wakati hayo yakisubiriwa, fanya haya. Akirudi amelewa, usibishane naye jikoni: kuna kisu, panga na moto. Kaa karibu na mlango. Chagua jirani mmoja tu, mwambie ukweli wote, mpatane ishara, labda mtoto kugonga sufuria, ambayo akiisikia anakuja na watu au anapiga 112 polisi. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi zao za kliniki, kitambulisho chako na nauli, vitoe ndani ya nyumba mapema uviweke kwa mtu unayemwamini. Usiandike mpango huo kwenye simu anayoikagua. Na ukiamua kuondoka, ondoka bila kumtangazia. Kipindi cha kuondoka ndicho wanawake wengi huuawa, na tangazo la "nakuacha" kwa mtu aliyewahi kukaba shingo ni kama kumpa saa ya miadi.

Unaweza kwenda Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi. Omba PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, na ukiwa umeumia sana kimbilia hospitali kwanza, fomu itafuata. Baadhi ya hospitali zina vituo vya Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi na ofisa ustawi wa jamii wako mahali pamoja, hulazimiki kusimulia mara nne. Watu watakwambia lazima upitie kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Kwa kuomba talaka, ndiyo, hiyo ndiyo kawaida, ingawa kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa kinatoa nafasi ya kuvuka hatua hiyo pale mazingira si ya kawaida. Kwa kushitaki kipigo, hapana, hakuna baraza unalotakiwa kupitia. Hilo ni shambulio kama shambulio lingine lolote.

Vikao vya familia siwezi kukukataza, ndivyo tunavyoishi. Lakini kikao kikianza kwa kukuuliza "ulimfanyia nini," simama uondoke, hicho hakikuitishwa kwa ajili yako. Kikao cha maana kinamuuliza yeye: unakwenda hospitali lini, nani atakusindikiza, na utalala wapi mpaka upone. Tena walisikie hilo neno, kukabwa, kwa mdomo wako. Wazee wengi wanaosema "vumilia" wanadhani wanazungumzia makofi.

Utajuaje kwamba amebadilika kweli? Mimi siangalii machozi, wala idadi ya siku bila kunywa. Naangalia kama anasema "nilimpiga" bila kuongeza "ila na yeye." Kama anakwenda kliniki bila kusukumwa. Kama unaweza kumkatalia jambo dogo, usiku ukapita. Nina mzee mmoja ninayemkumbuka kwa heshima: aliteleza mara moja baada ya miezi saba, akanywa, na badala ya kurudi nyumbani akaenda kulala kwa kaka yake, akampigia mkewe simu kumwambia afunge mlango, asimngoje. Alikuwa amelewa, na bado alichagua. Nilipomsikia nilijua yule mama sasa yuko salama.

Watoto wako, hata kama unadhani wamelala, wanasikia. Mtoto akianza kukojoa kitandani tena, au kuogopa kurudi shule kwa kuwa anataka kukulinda, mwambie mwalimu mmoja. Namba 116 ni ya simu ya huduma kwa mtoto, hupigwa bure.

Na ile glasi yako ya usiku. Sikulaumu. Wanawake wengi wanaopigwa huishia hapo, wengine kwa vidonge vya usingizi, kwa sababu mwili unaosubiri mlango kugongwa hauwezi kulala. Lakini pombe humlaza mtu upesi kisha ikamwamsha saa tisa usiku, moyo ukienda mbio, na usiku mumeo anaporudi unahitaji masikio yako. Jambo jingine, siku ya kikao watasema "hata yeye analewa," na PF3 yako itasahaulika mezani. Ikiwa ni glasi moja na asubuhi huitamani, iache kuanzia leo. Ikiwa mikono imeanza kutetemeka, usiache peke yako wala usichanganye na vidonge. Siku utakayokwenda kuonyesha shingo, mwambie daktari huyo huyo na hilo, kwa sauti ile ile, kabla hujatoka chumbani.